Kilichomtetemesha Kaka Dengkhuma

Laitumkhrah, Shillong
Jumatatu, 11 Februari 2013

Mpendwa mdogo wangu Rodinga,

Nakusalimu katika Bwana, wewe na mkeo Lalthlani na wote wanaolala chini ya paa lenu. Kifua chako kinaendeleaje? Huo ubaridi wa mlimani hukuingia kifuani kila Januari, na wewe kila Januari unasema ni vumbi. Natumaini ile fulana ya sufu niliyompa dereva kabla ya Krismasi unaivaa, hujaiweka sandukuni ikingoja siku ya maana. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika nikishuka mteremko wa sokoni, lakini kwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja kufika sabini, sina la kumshtakia Mungu.

Najua hukufungua bahasha hii kutafuta habari za magoti yangu. Mwanao Ruata yu hai. Natanguliza hilo ili utulie kabla ya kusoma mengine. Yu hai, yuko hospitali, wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, na leo asubuhi alinitambua, akaniita shangazi.

Ijumaa nilipokupigia ulisema hutaki kusikia sauti ya mtu anayemnunulia mwanao pombe, ukakata kabla sijalifikia neno hospitali. Jumamosi ulikata mara mbili. Lalthlani ndiye aliyenisikiliza, na akaniambia kwa kunong'ona kwamba unaiona habari hii ya kulazwa kuwa mbinu yangu ya kumficha. Kwamba safari iko palepale: mnaondoka Ijumaa, wewe na wazee wawili wa kamati ya kanisa, na Jumamosi mnamchukua kumleta kwenye mkutano wa uamsho. Basi naandika. Dereva wa gari la Aizawl, lipitalo kwenu, ameniahidi kuwa Alhamisi barua hii utakuwa nayo mkononi. Karatasi unaweza kuichana, lakini nakujua tangu ulipokuwa ukijifunza kutembea. Utaisoma kwanza.

Niungame lililo kweli. Bi Nguri, yule ninayesali naye hapa, hakukudanganya. Aliniona nimesimama mbele ya duka la vileo, mchana kweupe, nimevaa koti langu la kanisani kwa sababu ndilo lenye joto.

"Mama Zaithangi! Na wewe umepotea njia?"

"Sijapotea, Bi Nguri. Nimo kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya hicho hicho unachokitazama."

Habari ilifika kwa mchungaji wetu kabla chupa haijafika nyumbani kwangu. Wiki ijayo nimeitwa mbele ya wazee wa kanisa letu la hapa, na nitakwenda. Mimi niliyetia sahihi kadi ya ahadi ya kutokunywa pombe nikiwa na miaka kumi na minne, ambaye hata kwenye Meza ya Bwana sijawahi kuonja kingine zaidi ya yale maji ya zabibu yaliyochemshwa, nilinunua chupa tatu kwa wiki mbili. Nilizifungia kwenye kabati la vitabu vya nyimbo, maana ndilo pekee lenye kufuli.

Ulimleta kwangu tarehe ishirini Januari. Hukuingia ndani, ulisema gari linakusubiri. Siku ya pili nikampeleka kwa Daktari Ibadahun, ambaye nilifanya naye kazi miaka tisa kabla ya kustaafu. Alimuuliza Ruata anakunywa tangu saa ngapi. Ruata akajibu, "Tangu ninapofumbua macho, daktari. Nisipofanya hivyo, hata vifungo vya shati vinanishinda." Miaka minne sasa, Rodinga, katika jimbo ambalo pombe imekatazwa kisheria na kanisa lina kamati kila mtaa.

Daktari akanivuta pembeni. "Mama, wewe ulikuwa muuguzi, sihitaji kukufundisha. Kitanda sina mpaka katikati ya Februari. Asiache ghafla. Mpe kwa kipimo, punguza kila baada ya siku mbili, na akitokwa jasho au akiona visivyokuwapo, mlete hata kama nitamlaza sakafuni." Basi nilipima. Kikombe cha dawa, kile cha plastiki chenye mistari, asubuhi na jioni. Nilikuwa nikipunguza mstari mmoja mmoja, na alikuwa akiendelea vizuri. Alianza kula. Alinitengenezea mlango wa stoo uliokuwa ukikwama tangu mvua za mwaka juzi.

Kisha Jumanne iliyopita ukapiga simu, ukataka kuongea naye, si na mimi. Nilikuwa nachambua majani ya haradali, na sauti yako ni ya mhubiri, inasikika hata simu ikiwa sikioni mwa mwingine. "Kuanzia leo lisipite hata tone kooni mwako! Tarehe ishirini na mbili ngoma ya uamsho itapigwa. Nataka usimame mbele yake ukiwa safi, kama alivyosimama baba yako mkubwa Dengkhuma." Naye akajibu, "Ndiyo, baba."

Nilipaswa kuelewa kuwa lile neno "ndiyo" lilikuwa la kweli. Sikuelewa. Kuanzia Jumatano alipokea kikombe mkononi mwangu, akageuka kwenye karo kana kwamba anataka kusuuza kinywa, akamwaga. Kisha akanirudishia kikombe na kusema asante, shangazi. Mimi, niliyefanya uuguzi miaka thelathini na sita, sikunusa. Umezoea kusema mwanao hana utii. Alikutii, Rodinga, na utii huo nusura umuue.

Ijumaa asubuhi tulikuwa mezani. Wali, mboga za kuchemsha, kipande cha nguruwe wa moshi uliyeniletea. Kijiko chake kikaanza kugonga sahani. Akacheka. "Sikiliza, shangazi, leo mkono wangu unapiga ngoma wenyewe." Nikamtazama usoni, nikaona jasho, na hapo hapo nikajua. Nilikuwa nimeinuka kwenda kwenye kabati alipoanguka kati ya jiko na meza. Degedege lilimshika dakika tatu kwa saa ya ukutani. Nilimgeuza ubavu, nikamwekea koti chini ya kichwa, nikamshikilia kidevu ulimi usirudi nyuma. Lilimrudia tena ndani ya teksi, na dereva, kijana wa Kikhasi, mwenyeji wa hapa, alikuwa akimwita Mama Mariamu kwa sauti huku akipita taa nyekundu.

Siku mbili hakujua alipo. Alimwona muuguzi wa zamu akadhani ni wewe. Alikuwa anamwambia, "Baba, sijanywa. Ninuse. Baba, ninuse." Yule mwanamke masikini aliinama na kumnusa ili atulie.

Hayo ndiyo ya Ruata. Sasa nifike mahali ambapo nimepakwepa miaka hamsini.

Katika kila mkutano wa uamsho wewe hutoa ushuhuda wa kaka yetu. Nimeusikia kwa kaseti, nikausikia kwa simu, na mara moja kwa masikio yangu, ule mwaka nilipokuja kumzika mama. Unasema Dengkhuma alirudi kutoka jeshini akiwa mtumwa wa chupa. Kwamba Desemba ya mwaka 1963 aliitupa chupa kwa mkono wake, akafunga siku tatu, na siku ya tatu akasimama mbele ya ngoma, Roho akamtetemesha mbele ya kanisa zima mpaka akaanguka, akaenda kwa Baba wimbo ukiwa midomoni. Watu hulia. Wapo walioacha pombe kwa ushuhuda huo, nami nawafahamu wawili. Wewe mwenyewe ulianza kuhubiri kwa sababu ya siku ile.

Lakini wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, umebebwa mabegani mwa mjomba ili uone. Mimi nilikuwa na kumi na tisa, na siku zile tatu zote nilikuwa naye ndani.

Hakuitupa chupa. Tuliimwaga mimi na mama nyuma ya zizi la nguruwe, akiwa amelala. Wazee watatu ndio walioamua afungiwe nyumbani kwa maombi, bila chakula, bila kutoka. Walimpenda, sisemi hawakumpenda. Mmoja wao alikesha kwa magoti. Siku ya pili mikono ilianza. Asubuhi ya siku ya tatu mama alikwenda kuchota maji, na kaka akaniita kando ya moto. Shati lake lilikuwa limelowa kama aliyenyeshewa, na nje kulikuwa na barafu kwenye majani.

"Zaithangi, kwa mjomba ipo kidogo. Niletee tone tu, mikono imenikataa."

"Si wewe unayeomba, kaka. Shetani ndiye anayeomba."

Akatabasamu. Unalikumbuka lile tabasamu lake la upande mmoja? Akasema, "Basi mpe Shetani kijiko kimoja, atuache sote tupumzike."

Nilikataa. Nilisimama mlangoni nikaimba wimbo ili nisimsikie. Baada ya hapo aliongea na askari wenzake ambao hawakuwamo chumbani, akawaamuru walale chini.

Jioni wakampeleka kanisani, mmoja kila upande. Ngoma ilikuwa imeshapamba moto, watu wanazunguka, wengine wanatetemeka kama watu wetu wanavyotetemeka. Walipomwachia katikati, naye akatetemeka. Ukumbi ukalipuka. "Ameguswa! Dengkhuma ameguswa!" Mama alipiga makofi mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Na alipoanguka na kujikaza mwili mzima, waliongeza sauti. Damu iliyotoka kinywani ilikuwa ya ulimi alioung'ata. Hakuna aliyemgeuza ubavu. Niliimba, Rodinga, niliimba kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu niliamini ni mimi niliyemwokoa pale mlangoni. Wimbo ulipokwisha, naye alikuwa ameshakwisha.

Mwaka wangu wa pili wa uuguzi hapa Shillong, waliletwa wanaume wawili wa kuchoma mkaa waliokwama milimani siku tatu bila kinywaji chao. Nilimwona wa kwanza akitetemeka, nikafurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi, nikataka kuimba. Muuguzi mkuu akanisukuma: "Unatazama nini? Mgeuze! Lete sindano!" Baadaye akatueleza wanafunzi ni kitu gani kile. Nilitoka nikasimama kwenye misonobari, nikazihesabu siku tatu za kaka.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Mwaka uliofuata kijiji chetu kilichomwa na jeshi wakati wa vita, mkahamishiwa kandokando ya barabara, na barua ya kwanza ya mama kutoka kwenye vile vibanda ilisema kila kitu kimeteketea isipokuwa jambo moja, kwamba mwanawe mkubwa yuko mbinguni na yeye aliona kwa macho yake alivyochukuliwa. Ningemwandikia nini? Kisha ukawa mhubiri, kisha mzee wa kanisa. Kila nilipotaka kusema, juu ya jambo lile kulikuwa kumejengwa ghorofa nyingine. Nami sikuwa nimerudi kuishi nanyi. Aliye mbali hujiambia hana haki ya kubomoa nyumba za waliobaki.

Usinielewe vibaya. Sijaacha imani, na wala sidhihaki ngoma yetu. Nimecheza mbele yake nikiwa na akili zangu timamu na nikapata faraja ambayo vitabu vyangu vyote havijanipa. Ulevi ni dhambi, nakubaliana nawe, na umeharibu nyumba nyingi kuliko vita. Najua pia watu wa hapa hunicheka kwa kuwa siweki mvinyo hata kwenye keki. Wananitajia harusi ya Kana, na Timotheo na tumbo lake. Nawaambia wao wana desturi yao, sisi tuna jeraha letu. Siombi duka lifunguliwe kijijini kwenu.

Lakini mwili ukishazoea, hautubu kwa siku tatu. Kama Roho alimgusa Dengkhuma siku ile, mimi sijui, nami siwezi kumpimia Mungu. Ninachojua ni kwamba kuachishwa pombe ghafla kulimgusa, kwa sababu nimeona kukiwagusa Wakhasi, Wanepali, Waislamu, na padri mmoja mzee wa Kikatoliki, watu wasiokuwa na ngoma yoyote, na wote walitetemeka vilevile. Waliogeuzwa ubavu na kupewa dawa, wengi wao walirudi makwao. Mmoja ni mwalimu wa shule ya Jumapili leo. Sioni kwa nini tuseme Mungu alikuwa kwenye ngoma na hakuwa kwenye sindano.

Na jambo moja zaidi, ukasirike ukitaka. Jina la Ruata lilisomwa kanisani mara mbili na akaondolewa Mezani. Ni utaratibu, najua, wewe ndiye uliyelisoma mara ya pili kwa kuwa karani alikuwa mgonjwa. Ameniambia baada ya hapo alikaa benchi la nyuma, kisha barazani, kisha akaona barazani kuna upepo. Kulikuwa na meza nyingine kule bondeni, kwa wapika gongo, na huko hawakusoma jina la mtu.

Leo saa nne nilipoingia wodini alikuwa amekaa, anakunywa uji. Macho yake yamerudi mahali pake. Akauliza, "Shangazi, baba mkubwa Dengkhuma alikufa hivi hivi?" Sijui alijuaje. Labda niliongea huku nimemshikilia pale sakafuni. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe. Alisikiliza huku akikwangua bakuli.

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Atasimama na nini mbele za watu?"

Kisha akasema lililonifanya nitoke wodini nije kuandika kabla hata sijala. Akasema Jumamosi ataondoka nanyi. Kutetemeka kumekwisha, yuko safi, na si ndivyo baba alivyotaka? Daktari Ibadahun alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akamwambia, "Wewe kijana, kuacha hujaacha. Umenusurika tu. Nakuhitaji humu wiki mbili, na miezi mitatu uwe karibu nami. Ukiondoka sasa, utakunywa, na ukiachishwa tena kwa mtindo ule, sikuahidi kitu." Ruata akamsikiliza kwa adabu, unavyomjua. Daktari alipotoka, akaniambia, "Nimempa baba neno langu, shangazi."

Nimemsihi. Nimelia mbele yake, mimi nisiyelia. Ananipapasa bega na kunifariji, lakini hasemi atabaki. Mlango wa wodi hauna kufuli, na hata ungekuwa nalo, mimi sitamfungia mtu tena.

Kwa hiyo ninachokuomba si kikubwa. Sikuombi uuvunje ushuhuda wako mbele ya kanisa. Hilo ni kati yako na Mungu, nami ninayo sehemu yangu ya kujibu, kubwa kuliko yako. Nakuomba usimsimamishe mwanao juu yake. Kamati ibaki nyumbani. Ukitaka kuja, njoo peke yako, kitanda cha chumba cha mbele nimekitandika, na kuna kiti kando yake wodini ambacho mpaka sasa nakikalia mimi tu.

Na kama huwezi kuja, namba ya muuguzi wa zamu nimeiandika kwa wino mwekundu nyuma ya karatasi hii. Saa nne asubuhi humpelekea mgonjwa simu kitandani. Hatanisikia mimi, wala daktari. Atakusikia wewe, amekusikia siku zote. Usimhubirie. Mwambie neno moja tu: "Baki." Nitakuwa nimekaa pale Alhamisi, na Ijumaa, nikiitazama ile simu.

Nisalimie Lalthlani, mwambie mwanawe anakula. Nisalimie binti yenu Mawii na mumewe, na shangazi Khuangi kama bado anawatambua watu. Mjulishe mchungaji wenu kwamba nami namwombea. Mungu aliyekulinda njiani ulipokuwa mtoto, kijiji kikiwaka nyuma yako, aulinde na ulimi wako wiki hii, aupe neno lililo fupi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukikata simu mara ya nne,

Zaithangi